Ua Huu ni wa Ua Hili

Ndugu zetu wa uani,

Wewe mwenye kihamba Marangu na wewe mwenye kiroba kimoja cha udongo kwenye kibaraza cha ghorofa Kariakoo. Mwenye nyumba na mpangaji. Bibi unayemwagilia mrehani wako mlangoni kwa maji yaliyooshea mchele, na wewe mjukuu unayetumwa kuchuma majani ya kunde kabla jua halijawa kali: tunawaita nyote kwa jina moja, ndugu, kwa sababu saa imefika na kazi iko mbele yetu.

Zama za ua mtupu zimekwisha. Hatuzijadili tena. Zilimwaga zege mahali penye udongo, zikapanda ukoka wa kunyolewa kila Jumamosi, zikapulizia dawa kila chenye mbawa, kisha zikatuambia kwamba huo ndio ustaarabu. Nasi tuliamini. Tulipanda maboga yakatambaa hadi ukutani, yakafungua maua ya manjano mapana kama visahani, na kila kitoto cha boga kilipoanza kuvimba, siku chache baadaye kilisinyaa na kuanguka. Tukalaumu mbegu. Tukalaumu mbolea. Wapo waliolaumu kijicho cha jirani. Kumbe ua lilifunguka alfajiri, likangoja, likafunga kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyekuja.

Boga lina maua dume na maua jike katika mmea mmoja. Ua jike hujulikana kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake. Chavua yake, ule unga wa manjano, ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Lazima aibebe kiumbe mwenye manyoya mwilini, aingie kwa dume, atoke amepakwa, aingie kwa jike, na yote hayo yatimie ndani ya asubuhi moja. Mmea hauna miguu ya kwenda kuposa. Unatuma mshenga. Nasi tulikuwa tumewafukuza washenga wote mtaani, kisha tukakaa kushangaa mbona hakuna harusi.

Tunaamini kwamba ua wa nyumba ndipo mahali pa kuanzia. Lugha yetu iliona jambo hili kabla yetu. Ua huu ni uwanja wa nyumba uliozungushiwa uzio. Ua hili ni lile linalochanua. Na ua, likitamkwa kwa amri, ni kutoa roho. Maneno matatu yamelala katika sauti moja, na kila familia huchagua lipi litawale kati ya ukuta na mlango wa jikoni. Kwa miaka mingi limetawala lile la tatu. Leo tunatangaza kwamba ua huu ni wa ua hili, na amri ile ya kuua tumeifuta.

Tunaamini kwamba washenga ni wengi, na kila mmoja ana nyumba anayoijua. Dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki. Huyu wa asali ni mmoja tu kati yao. Nyanya na bilinganya huficha chavua yao ndani ya vifuko vyenye tundu dogo, kama chumvi ndani ya kichupa cha mezani. Nyuki wa asali haiwezi kazi hiyo. Yupo mwingine anayelikumbatia ua, akakaza misuli ya mbawa bila kuruka, akalitetemesha kwa mvumo mzito mpaka unga ukamwagikia tumboni. Simama kando ya mbilinganya saa mbili asubuhi, uusikie mvumo huo ukikatika na kuanza tena, ukikatika na kuanza tena. Hiyo ndiyo sauti ya chakula kikitengenezwa. Na yule nyuki seremala, mkubwa, mweusi, tunayemlaani kwa kutoboa mapaa, ndiye anayetuzalia pasheni ya manjano. Ua la pasheni hiyo halishiki mimba kwa chavua ya mti wake wenyewe, na umbo lake limelingana na mgongo mpana wa nyuki huyo. Anayemuua kwa ajili ya boriti amejinyima juisi.

Usiku nao una washenga wake. Jioni giza linapoingia, maua meupe ya mpapai hutoa harufu tamu kwa ajili ya nondo wakubwa wenye mrija mrefu, wanaosimama hewani mbele ya ua bila kutua. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, aliwafuatilia nondo hao katika mashamba ya mapapai ya Bonde la Kerio, akaonyesha jinsi kazi yao inavyotegemea uoto wa asili uliobaki jirani na shamba. Nyumbani tuna desturi ya kuukata mpapai dume mara unapojitambulisha kwa vishada vyake vinavyoning'inia, eti unakula mbolea bure. Tumekata madume ya mtaa mzima, tukafyeka na kichaka cha mwisho, kisha tunauliza jike limekosa nini. Mbuyu hungoja popo, na hufungua maua yake usiku kwa ajili yake. Kakao ya Kyela humtegemea usubi, kidudu ambacho jicho hukikosa, kinachozaliana katika majani yanayooza chini ya mti. Mstafeli una mbawakawa wake. Mshubiri una chozi, yule ndege mwenye mdomo uliopinda, ambaye huvutwa na rangi nyekundu ambayo nyuki haioni vizuri.

Ndugu, wote hao hawahitaji hifadhi ya taifa. Wengi wao wanahitaji pembe moja ya ua wako.

Tunakataa usafi ulio jina jingine la utupu. Wengi wa nyuki wa dunia hawakai mzingani. Huchimba tundu ardhini, kila mama peke yake, akalaza mayai yake juu ya donge la chavua. Uwanja wa udongo uliofagiwa na bibi zetu kila asubuhi uliwaachia mahali pa kuchimba, kando ya ukuta, chini ya dirisha. Zege haliwaachii chochote. Nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa na hutafutwa kwa dawa, hukaa katika mpasuko wa ukuta au tundu la mti na kutokeza mrija mwembamba wa nta mlangoni. Fundi akija kupiga lipu, mwambie aruke hapo. Upana wa kiganja hauharibu nyumba.

Tunakataa pia kumpenda kipepeo na kumchukia mwanawe. Kwenye mndimu utamkuta kiwavi mchanga anayefanana na kinyesi cha ndege. Baadaye hugeuka kijani. Watu humponda. Yule ndiye kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano tunayemwonyesha mtoto juu ya maua. Mndimu mkubwa hauangamizwi na viwavi wanane. Pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanakijiji wamefuga viwavi tangu mwaka 1993 na kuuza mabuu nje ya nchi kupitia mradi wa Kipepeo, msitu ukiwa umesimama. Kule majani yaliyoliwa yamelipa karo. Sisi tunaomba tu majani machache ya mndimu.

Tunakataa bomba kuwa sala ya kwanza ya mkulima. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya vitalu-nyumba ya viambato vitatu vya kundi la neonikotinoidi: imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu. Sababu ilikuwa nyuki. Sumu hizi hazikai juu ya jani zikasubiri mvua izioshe. Mmea huzinywa, zikapanda na utomvu, zikafika hadi katika chavua na mbochi, na mshenga anayeitikia mwaliko wa ua hupokewa kwa sumu ndani ya nyumba ya harusi. Dawa za kundi hilo zimeuzwa miaka mingi katika maduka yetu ya pembejeo, mara nyingi kwa mnunuzi asiyeambiwa chochote. Kisichomfaa nyuki wa Ulaya hakimfai nyuki wa Korogwe. Kwa bustani ya nyumbani, majivu, maji ya mwarobaini, mkono unaookota wadudu na jicho linalokagua kila asubuhi vinatosha. Anayelazimika kupulizia, hata mwarobaini, na apulizie jioni maua yakiwa yamefunga, na ua lililo wazi asiliguse.

Tunakataa mustakabali wa kijiti. Wakulima wa vanila wa Kagera na Unguja wanaelewa tunachosema. Mvanila ulitoka Meksiko ukawaacha washenga wake huko. Ulipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ulichanua bila kuzaa, hadi mwaka 1841, pale kisiwani Réunion, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius, alipochukua kijiti na kidole gumba akakutanisha chavua na mlango wake. Tangu hapo vanila ya huku yote huchavushwa kwa mkono, ua baada ya ua, na kila ua hungoja siku moja tu. Utajiri uliotokana na kidole chake uliwaendea wengine. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Tunalitaja jina lake kwa heshima. Lakini fikirini kijiti hicho mbele ya tikiti, tango, boga, korosho za Mtwara, na mwembe mmoja wenye maelfu ya maua madogo. Mikono gani? Asubuhi ngapi? Zaidi ya robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea washenga kwa kiasi fulani. Kazi hiyo hufanywa bure, kila siku ya Mungu. Kitu pekee tunachodaiwa ni kutoizuia.

Tunaamini kwamba ukarimu huu unapimika. Katika miteremko ya Kilimanjaro, watafiti walivifunika vichaka vya kahawa kwa nyavu, wakaviacha vingine wazi, na mwaka 2014 wakachapisha walichokiona. Uchavushaji uliongeza uzito wa tunda kwa takriban asilimia 7. Ndege na popo wanaokula wadudu waharibifu waliongeza idadi ya matunda yanayoshika kwa takriban asilimia 9. Na hiyo ni kahawa ya arabika, mmea unaoweza kujichavusha wenyewe! Mkulima wa kahawa anajua asilimia 7 ya gunia ni nini. Hatuhitaji kumfafanulia.

Tunaamini kwamba jambo hili tulilijua. Kihamba cha Uchagani kiliweka migomba juu ya kahawa, magimbi chini yake na miti mirefu juu ya vyote, mfereji ukapita katikati, na hakuna mwezi ambao hapakuwa na kitu kinachochanua. Pwani, mama zetu walipanda asumini, mrehani na mkadi kwa ajili ya kikuba, wakavaa harufu shingoni na kifuani, na mchana kutwa nyuki walikuwa juu ya mrehani ule ule. Hawakuita hifadhi. Waliita nyumba. Hatutaki kurudi nyuma, na wala hatuwezi. Viwanja vimepungua, kuta zimepanda, watu wamesongamana. Tunachukua maarifa yao na kuyaingiza katika kiwanja cha miguu arobaini kwa themanini, katika tairi kuukuu, katika ndoo iliyopasuka.

Kuna hofu, na hofu hizo ni za haki. Nyuki wetu wa asali ni wakali wakiguswa kwao; kwa hiyo tunasema wazi: mzinga wa nyuki wakubwa usiwekwe uani penye watoto. Mahali pake ni shambani, mbali na njia. Nyuki anayekula uani hana cha kulinda, hachokozi asiyemfinya. Mbu? Kisahani cha maji chenye changarawe, ili nyuki asizame, kimwagwe na kujazwa upya kila asubuhi. Kiluwiluwi cha mbu huhitaji siku kadhaa, nasi hatumpi hata mbili. Kivumbasi, ambacho nyuki hukipenda, ndicho hicho hicho tunachokifukiza kufukuza mbu. Nyoka? Hatukuagiza mtu aache pori mlangoni. Tumesema pembe moja, iliyo mbele ya macho.

Sasa sikilizeni kwa nini hili ni vuguvugu, na halikuachwa kuwa burudani ya mtu mmoja mwenye nafasi. Nyuki wadogo hawaendi mbali na kiota. Kwao, safari ni nyumba kadhaa kwenda na kurudi. Ua wako ukiwa na maua mwaka mzima, na nyua za majirani wote zikiwa zege, umejenga kisiwa, na kisiwa hufa njaa mwezi mmoja wa kiangazi ukikipitia vibaya. Ua wa tatu ukichanua, na wa tano, na wa nane, na kiwanja cha shule, na uzio wa msikiti, na nyuma ya kanisa, na pembeni mwa zahanati, hapo njia imefunguka. Mshenga anapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule bila kuomba ruhusa ya mwenye ukuta. Chavua ya mpapai dume wa Mama fulani itazaa papai la jirani asiyesalimiana naye. Tumeishi miaka mingi tukigawanywa na kuta. Hawa hawajawahi kuziona.

Tunaamini katika mtaa huo, na tunauona. Tunaona mbaazi kando ya uzio zikichanua manjano na wekundu, na majani ya mawaridi yaliyokatwa vipande vya mviringo na nyuki mkata-majani, na mwenye nyumba akionyesha matundu hayo kwa fahari kama anayeonyesha cheti. Tunaona mlonge ukimwaga maua meupe kiangazi wakati mengine yamekauka. Tunaona giligilani na figiri, mashina matatu matatu, yakiachwa makusudi yapande juu na kuchanua, na kishona nguo akivumiliwa nyuma ya choo kwa sababu huchanua pasipo kuombwa. Tunaona gogo kavu na vipande vya mianzi vikining'inia chini ya paa la banda la kuku, makao mapya ya seremala, na mapaa ya nyumba yakipumzika. Tunaona taa ya uani ikizimwa saa tatu usiku ili nondo aufikie mpapai wake badala ya kujigonga kwenye balbu hadi afe. Tunaona mpangaji akihama na viroba vyake vya mrehani juu ya mkokoteni, na mwenye nyumba mpya akimpokea kwa furaha. Tunaona sokoni matango yaliyonyooka, matikiti yaliyojaa pande zote, maboga yasiyohesabika. Na mchuuzi anayejua kusema, hili limechavushwa vizuri, tazama mbegu zake.

Tunaona watoto wanaojua majina. Hilo ndilo tunalolililia zaidi. Leo mtoto wa mjini anajua majina ya magari yote yanayopita, na kila kinachoruka kwake ni mdudu. Kesho atajua nani seremala, nani mkata-majani, nani nzi anayejifanya nyuki, na kwa nini huyu huja asubuhi na yule huja magharibi.

Ndugu, mvua za vuli hazimngoji mtu. Pasueni futi moja ya zege. Kama nyumba si yenu, jazeni ndoo. Fukieni mbegu nne za boga, mwageni mrehani pembeni, pandeni alizeti chache nyuma, muwaachie udongo mtupu wa upana wa mkeka. Mkiona kwamba maua ya kwanza ya boga ni madume matupu, msikate tamaa. Ndivyo lilivyo, madume hutangulia. Siku ya jike itafika. Mtaitambua kwa kile kiboga kidogo, kijani, chenye vinyweleo, chini ya ua lililofunga.

Siku hiyo amkeni kabla ya jua. Mwamsheni na mtoto. Simameni hatua mbili kutoka kwenye ua, kivuli chenu kisiliangukie, wala mtu asiseme. Litafunguka taratibu, upande mmoja kwanza. Kisha, kutoka upande wa kwa jirani, juu ya ukuta, mtasikia mvumo.

Anakuja.